Baihui: nukta ya utosini na mengi yanayosemwa juu yake

Video zinazosambaa mtandaoni kuhusu Baihui, nukta ya akupancha iliyo utosini, zinafanana. Mtu anaweka kidole gumba katikati ya utosi, anabonyeza, anazungusha, huku sauti ikieleza kwamba hapo ndipo "mishipa mia" ya mwili inapokutana, na kwamba ukipabonyeza kila asubuhi presha itashuka, usingizi utarudi, kichwa kitaacha kuuma na kiharusi utakisikia kwa jirani. Chini yake maoni yanagongana. Huyu anasema ni hijama kwa jina jingine, yule anasema hayo ni mambo ya majini, mwingine anauliza kama sindano ikichomwa pale haifiki kwenye ubongo. Na hakosekani wa kufunga mjadala kwa kusema Wachina wameifanya kwa miaka elfu tano, kwa hiyo hakuna la kubishana.

La kubishana lipo, na la kukubali pia lipo. Shida ni kwamba madai kadhaa yasiyo na undugu yamefungwa pamoja, mtu analazimika kuyameza yote au kuyatema yote. Tuyatenganishe.

Akupancha ni tiba ya jadi ya China ambayo tabibu huchoma sindano nyembamba, zisizo na dawa yoyote, mahali maalumu mwilini. Kila mahali pa namna hiyo ndipo panapoitwa nukta. Nadharia yao inasema mwili una njia zinazopitisha qi (tamka "chi"), nguvu ya uhai, na kwamba maradhi huingia pale nguvu hiyo inapokwama, inapopungua au inapokwenda mrama. Nukta ziko juu ya njia hizo, na sindano inakusudiwa kuirudisha qi kwenye mwendo wake. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha nukta 361 katika njia 14.

Baihui ni mojawapo. Jina lake kwa Kichina ni "mikutano mia", na mia hapo ni namna ya kusema nyingi tu. Iko kwenye njia iitwayo Du, ambayo inaanzia kati ya mapaja, chini ya kifandugu, inapanda na uti wa mgongo, inapita kisogoni, inavuka kichwa, inashuka kwenye paji la uso na pua, na kuishia kwenye ufizi wa juu ndani ya mdomo. Njia hiyo ina nukta 28 katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, na Baihui ni ya 20, ndiyo maana vitabu vya Ulaya huiandika GV20 au DU20. Kwa hiyo ile "mishipa mia" ya kwenye video si mishipa ya damu wala ya fahamu. Waliotoa jina walikuwa wakizungumzia njia za qi, na hizo hazijawahi kuonekana na mtu yeyote aliyepasua maiti.

Kuipata si kazi. Kunja masikio yako mawili kwenda mbele, weka kidole kwenye ncha ya juu ya kila sikio, kisha pandisha vidole kwa mstari mnyoofu mpaka vikutane katikati ya kichwa. Papasa taratibu, utahisi kijibonde. Ni hapo. Kipimo rasmi kinatumia cun (tamka "tsun"), ambayo haina sentimita maalumu kwa sababu inatoka kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe: umbali kutoka nywele zinapoanzia mbele hadi zinapoishia kisogoni hugawanywa mara 12, na kila sehemu ni cun moja. Baihui iko cun 5 kutoka mbele, 7 kutoka nyuma. Wenye vipara hawakusahauliwa: kutoka katikati ya nyusi hadi mahali nywele zilipopaswa kuanzia huhesabiwa cun 3, basi wao wanahesabu 8 kutoka kwenye nyusi.

Usidhani makubaliano haya yalikuja hivi hivi. Wataalamu wa China, Japani na Korea walipoanza kulinganisha vitabu vyao mwaka 2003, walikuta wanatofautiana juu ya mahali zilipo nukta 92. Walipofikia mwafaka mjini Tsukuba, Japani, mwaka 2006, zilikuwa zimebaki 6 tu zenye ubishi. Baihui haimo katika hizo 6. Ukimwuliza tabibu wa Seoul na wa Shanghai, wote wataweka kidole palepale.

Matumizi yake ndiyo yanayomshangaza mgeni. Kwamba nukta ya utosini itumike kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kukosa usingizi, hilo linaingia akilini. Lakini matabibu wa Kichina huitumia pia kwa kizazi kilichoshuka na kwa puru iliyotoka nje. Mantiki yao ni kanuni ya zamani kwamba ugonjwa ulio chini utafutiwe dawa juu: kilichoanguka kivutwe kutoka kileleni. Kwa shida hizo mara nyingi hawachomi sindano, bali hufukizia utosi joto la majani makavu ya mmea wa jamii moja na artemisia tunayoijua kwa dawa ya malaria, ingawa si uleule. Ni mantiki iliyonyooka ndani ya nadharia yao. Nje ya nadharia hiyo, kizazi hushuka kwa sababu misuli na kano za nyonga zimelegea, mara nyingi baada ya kuzaa, na hakuna anayejua utosi ungezikazaje.

Sasa hadithi, kwa sababu sifa ya Baihui ilijengwa na hadithi kuliko na kitu kingine chochote.

Ya kwanza imo katika historia kuu ya Sima Qian, aliyeandika karibu miaka 100 kabla ya Kristo. Mganga Bian Que anapita katika dola dogo la Guo na kukuta mwana wa mtawala amefariki alfajiri, matayarisho ya msiba yanaendelea. Anauliza maswali, kisha anasema nendeni mkamtazame tena: mtakuta pua bado inatanuka na mapaja bado yana joto. Wanakwenda, wanakuta ni kweli. Anamwagiza mwanafunzi wake anoe sindano na kuchoma mahali paitwapo "yang tatu na mikutano mitano", na kijana anazinduka. Kitabu cha akupancha cha Huangfu Mi, cha karne ya 3, kinalitaja jina hilo kuwa jina jingine la Baihui. Kuna kasoro: Sima Qian anamfanya Bian Que atibu watu waliotengana kwa karne kadhaa, kwa hiyo tunasoma visa vya waganga kadhaa vilivyovikwa jina moja. Lakini mwisho wa kisa unapendeza, na wauza video huuruka. Watu walipoanza kusema Bian Que anafufua wafu, alikataa. Alisema yeye hawezi kumrudisha aliyekufa. Huyu alikuwa hai, na yeye alimsaidia tu kuinuka.

Ya pili ni ya ikulu, mwaka 683. Mfalme Gaozong wa nasaba ya Tang kichwa kilikuwa kizito, kizunguzungu hakimwachi, macho hayaoni. Tabibu wake Qin Minghe alisema upepo umepanda kichwani na kwamba akichomwa atoke damu kidogo atapona. Malkia Wu, aliyekuwa amekaa nyuma ya pazia, aliwaka: mtu huyu anastahili kukatwa kichwa, anataka kumtoa mfalme damu kichwani! Tabibu akaanguka chini kuomba roho yake. Mfalme mwenyewe ndiye aliyemwokoa. Alisema maumivu yamemshinda, na huenda kutoka damu si vibaya. Historia iliyoandikwa na Sima Guang, mwanahistoria wa karne ya 11, inazitaja nukta mbili zilizochomwa: Baihui na Naohu, iliyo kisogoni. Mfalme akasema macho yake yanaanza kuona. Malkia akashukuru mbingu na kumzawadia tabibu majora mia ya hariri.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi wanapokata. Gaozong alifariki mwezi Desemba wa mwaka uleule. Sisemi sindano ilimuua, wala sisemi nafuu ilikuwa ya kuigiza. Ninasema kisa kinachotolewa kama ushahidi wa kupona ni kisa cha mgonjwa aliyepata ahueni ya muda mfupi kabla ya kufa, na hilo ni jambo tofauti.

Kuhusu ile miaka elfu tano: makaburi ya Mawangdui nchini China, yaliyofukuliwa miaka ya 1970, yalikuwa na maandishi ya kitabibu katika kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Yanaeleza njia 11 za mwilini na matumizi ya moto wa majani, lakini mfumo wa nukta wenye majina bado haumo. Tukiwa wakarimu tuseme akupancha tunayoijua ina miaka elfu mbili na ushei, na huo ni umri wa heshima. Wala haikwenda bila kukatika. Mwaka 1027 Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu za shaba za mtu, zenye matundu kwenye kila nukta. Wakati wa mtihani sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji, na mwanafunzi aliyechoma mahali sahihi aliona maji yakitoka. Lakini mwaka 1822 serikali ya kifalme ya China iliifuta akupancha katika chuo chake cha utabibu. Umri wa tiba hautuambii kama inafanya kazi, na hata umri wenyewe umetiwa chuku.

Turudi kwenye swali la ubongo. Sindano ya akupancha ina unene wa karibu milimita 0.25 na haina tundu ndani. Sindano ya kudungia dawa hospitalini huwa na milimita 0.7 au 0.8. Tabibu anatenganisha nywele, anapangusa kwa spiriti, anakandamiza ngozi kwa ukucha, kisha anaingiza ncha kwa haraka, maana ikiingia polepole inauma. Baada ya hapo anailaza mpaka inakaribia kugusa nywele, na kuisukuma taratibu kati ya ngozi na fuvu. Inakwenda kwa ubapa, haishuki. Mgonjwa huhisi uzito au kitu kinachovuta. Wao huita de qi, yaani qi imefika. Sindano hukaa dakika 20 hadi 30. Ikitolewa, utosi hukandamizwa kwa pamba, kwa sababu ngozi ya kichwa ni nyepesi kutoa damu. Fuvu la mtu mzima sindano nyembamba hivyo haiwezi kulipenya, itapinda.

Mtoto mchanga ni habari nyingine kabisa. Mbele kidogo ya Baihui ndipo palipo na sehemu laini ya utosi, ambayo kwa kawaida hufunga kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Hapo hapabonyezwi, hapachomwi, hata kama video ina maelfu ya wanaoipenda. Utosi wa mtoto una kazi moja ambayo kina mama wanaijua: ukibonyea wakati mtoto anaharisha au anatapika, maji yamemwishia, na hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Je, inatibu? Swali hili limepimwa kwa maumivu ya kichwa kuliko kwa kitu kingine, na utafiti mmoja wa Ujerumani unafaa kuutazama kwa karibu. Klaus Linde na wenzake walichapisha mwaka 2005 matokeo ya wagonjwa 302 wa kipandauso. Kundi la kwanza lilipata akupancha ya kweli, Baihui ikiwa miongoni mwa nukta za msingi. La pili lilichomwa sindano kijuujuu, mahali pasipo na nukta yoyote, bila kujua. La tatu liliambiwa lisubiri zamu. Waliopunguziwa siku za maumivu kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 51 katika kundi la kwanza na asilimia 15 katika kundi la kusubiri. Katika kundi la sindano za uongo walikuwa asilimia 53.

Soma tena hizo namba, kwa sababu kila upande huchukua inayoipenda. Mpenzi wa akupancha hutaja 51 dhidi ya 15. Mpinzani hutaja 51 dhidi ya 53. Zote ni za kweli, na zinasema mambo mawili kwa wakati mmoja: wagonjwa walipata nafuu kubwa, na mahali sindano ilipochomwa hapakuongeza kitu. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio 22 yenye watu karibu 5,000, ulikuta tofauti ndogo inayoelemea upande wa nukta za kweli: asilimia 50 dhidi ya 41 ya sindano za uongo. Tofauti ipo, lakini ni ndogo mno kubeba hadithi ya mikutano mia.

Katika miji yetu kuna vituo vya daladala vinavyoitwa Mwembeni ambavyo havina mwembe. Ulikatwa kabla kondakta hajazaliwa. Bado anaita "Mwembeni shusha!" na kila abiria anashuka panapostahili. Ndivyo ninavyoiona Baihui. Kama anwani, iko sahihi, ina karne nyingi na wataalamu wa nchi tatu wanakubaliana nayo. Ule mkutano wa njia uliotoa jina ndio mwembe wenyewe, na hakuna aliyewahi kuupata.

Basi nafuu inatoka wapi? Ngozi ya kichwa inahudumiwa na neva za usoni kutoka mbele na neva za shingo kutoka nyuma, na zote hupeleka taarifa zake mahali pamoja, kwenye shina la ubongo na sehemu ya juu ya uti wa mgongo. Kuzichokoza upande mmoja kunaweza kubadili maumivu yanayosikika upande mwingine. Sindano pia huuchochea mwili kutoa kemikali zake za kutuliza maumivu. Juu yake ongeza nusu saa ya kulala kimya, mtu anayekusikiliza, na matumaini. Na kipandauso kina tabia ya kuja na kuondoka chenyewe. Wengi huenda kwa tabibu kinapokuwa kimefika kileleni, wakati ambapo kingeshuka hata bila yeye.

Madai ya kiharusi ndiyo yanayonikera, maana hayo yanaua. Hospitali za China hutumia akupancha ya kichwa, Baihui ikiwemo, katika kumsaidia mgonjwa kurudisha viungo baada ya kiharusi, pamoja na dawa na mazoezi. Kuna hata mtindo uliobuniwa na Jiao Shunfa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ambao hauzingatii nukta za kale. Unachoma kwa kufuata ramani ya sehemu za ubongo zilizo chini ya fuvu. Hayo yote ni ya baadaye. Kiharusi kinapoanza, mdomo ukapinda, mkono ukalegea, maneno yakakwama, kinachohesabika ni saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya kipimo cha picha kuthibitisha kwamba si mshipa uliopasuka. Dakika unazotumia kubonyeza utosi, au kutoboa ncha za vidole kwa sindano kama ule ujumbe unaozunguka WhatsApp miaka nenda rudi unavyoelekeza, zinatoka kwenye hizo saa. Na presha hushushwa kwa vidonge vinavyomezwa kila siku, hata siku unazojisikia mzima.

Kuhusu hijama, wanaoichanganya na akupancha wana kisingizio. Sahihi Bukhari imepokea kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alipigwa chuku katikati ya kichwa akiwa katika ihramu, na pwani yetu imejua kuumika tangu zamani. Mahali panakaribiana, ila kazi ni mbili: hijama huchanja na kutoa damu, akupancha ya siku hizi hukwepa damu, na hijama haizungumzii qi. Ingawa ukikumbuka alichofanya Qin Minghe kwa mfalme, umbali kati ya tiba hizi mbili ulikuwa mdogo kuliko wafuasi wao wanavyopenda kukiri. Wapo pia wanaoiita Baihui chakra ya utosini, yaani kituo cha nguvu. Hiyo ni ya yoga ya India, imeingizwa humu na wauza kozi za mtandaoni.

Kwetu tiba hii si ngeni. Madaktari wa China wamekuwa wakitumwa Zanzibar tangu mwaka 1964, kutoka mkoa wa Jiangsu, na Tanzania Bara tangu 1968, kutoka Shandong. Vibao vya "dawa ya Kichina" vilienea Dar es Salaam tangu miaka ya 1990. Tangu mwaka 2002 Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala na baraza la kuisimamia, kwa hiyo una haki ya kuuliza cheti cha usajili kabla hujalala kitandani.

Ukiamua kwenda kwa sababu ya kichwa kinachouma mara kwa mara, baada ya hospitali kuhakikisha hakuna ugonjwa mkubwa nyuma yake, taka pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Sindano iliyokwisha kutumika inaweza kukuachia homa ya ini. Mweleze kama unatumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na kama una mimba. Muulize anatarajia mabadiliko baada ya awamu ngapi, na atakwambia nini yasipotokea. Akikushauri uache vidonge vya presha, vaa viatu uondoke. Na mkimaliza, kabla hujarudisha kofia au mtandio, mhesabu pamoja sindano zilizotolewa, maana za kichwani hujificha kwenye nywele.